Dekoda ya kurekodi ya kununua Lubumbashi: ipi kwanza, ipi mwisho

Ukiuliza dekoda ya kurekodi kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, muuzaji ataanza na ukubwa wa diski: tera moja, tera mbili, kama anapima unga. Mimi ningeanza na swali lingine. Umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ukikatika katikati ya mechi, kifaa hicho kitaendelea kurekodi au kitalala? Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyopanga hizi nne. Ubora wa picha na bei vinafuata.

1. Dekoda ya kampuni unayoilipia, yenye diski ndani

Chaneli za kulipia zimefungwa, na dekoda ya kampuni ndiyo yenye ufunguo. Kwa mtu wa mpira na filamu, hii haina mshindani. DStv Explora, iliyotoka Afrika Kusini mwaka 2013, ni mfano mzuri: unasimamisha kipindi kinachoendelea ukapokee simu, na inarekodi chaneli moja wewe ukitazama nyingine.

Uzuri mkubwa ni kwamba televisheni haihitaji kuwaka wakati wa kurekodi. Kwa hiyo chomeka dekoda peke yake kwenye onduleri (kifaa cha betri kinachotoa umeme ule wa nyumba ukikatika), televisheni ibaki nje. Dekoda inakula umeme kidogo, hivyo betri itaishikilia muda mrefu kuliko ukiibebesha na skrini. LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi kilicho juu kwenye parabole (dishi), nayo hupata umeme wake kutoka kwenye dekoda, basi nyumba ikiwa giza mechi bado inaingia kwenye diski.

Kasoro zipo. LNB ya zamani huenda isitoshe, maana kupokea chaneli mbili kwa pamoja kunadai LNB ya aina yake au waya wa pili. Mwambie fundi kabla hajapanda paa. Uliza pia kama kurekodi kuna ada juu ya abonema, yaani malipo ya kutazama chaneli. Ulichorekodi kinabaki humo humo: huwezi kumpelekea shemeji kwenye fleshi. Na dekoda ya bei rahisi iliyovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa usiilipe kabla ya kuhakikisha kwamba abonema ya hapa itaifungua.

2. Dekoda ndogo ya chaneli za bure, yenye tundu la USB

Kwa nyumba isiyolipa abonema, hii ndiyo ningenunua. Bei yake ni ndogo, nayo inaweza kukaa kwenye onduleri kama ile ya kwanza. Hakikisha boksi limeandikwa DVB-S2 kwa parabole, au DVB-T2 kwa antena ya TNT (televisheni ya kidijitali isiyotumia parabole). Ile ya DVB-S tupu itakuacha nyuma kwenye chaneli nyingi za HD. Muuzaji atasema, “Yaya, hii inarekodi chaneli zote!” Anamaanisha zile zilizo wazi.

Diski unanunua mwenyewe, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu, wakati diski nyingi za nje zinahitaji zaidi ya hapo zinapoanza kuzunguka. Dekoda inajizima na kujiwasha, halafu fundi anailaumu. Chukua diski yenye waya wake wa umeme, na huo pia uingie kwenye onduleri. Fleshi ya bei ya chini haifai: inaandika polepole, picha zinakatika. Chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 3.6 kwa saa, kwa hiyo tera moja inabeba zaidi ya saa 250. Ukiona mechi imegawanyika vipande vya gigabaiti 4, diski imeandaliwa kwa FAT32, mfumo usiokubali faili kubwa kuliko hapo. Si ugonjwa.

3. Televisheni inayorekodi yenyewe

Inarekodi inachopokea kwa antena yake, si kinachoingia kwa HDMI kutoka kwenye dekoda. Diski utakayoiandaa humo kwa kawaida haisomeki kwenye televisheni nyingine. Na kuiweka skrini nzima kwenye onduleri ni gharama. Kama tayari unayo, itumie. Usiinunue kwa sababu hiyo.

4. Kisanduku cha kurekodi kwa HDMI

Kwenye picha ya tangazo kinapendeza. Nyumbani, chaneli za kulipia hutoka na HDCP, kinga ya kuzuia kunakili, na unachopata ni skrini nyeusi. Kiache dukani.

Kuhusu waya: zile tatu za rangi, njano, nyekundu na nyeupe, hazibebi HD hata dekoda iwe ya HD. Tumia HDMI. Ya mita moja na nusu ya bei ya kawaida inatosha; ya “dhahabu” ni faida ya muuzaji. Kisha fungua mipangilio ya dekoda uchague 1080i, au 720p kama skrini ni ya zamani.

Mvua kubwa inadhoofisha mawimbi ya parabole, na HD mara nyingi hukwama mapema kwa sababu inahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi. Fundi akija, mwombe akuonyeshe kiwango cha ubora kwenye chaneli ya HD unayoirekodi, na akaze parabole kabla ya Novemba.