Prado ya kukodi, Dar hadi Msimbati na watoto: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano. Gari peke yake ningelipa nyota nne, ila tairi la akiba na pampu vimeliangusha.

Ni Prado ya petroli, injini ya lita 2.7. Tukiwa watano na mizigo, kwenye lami ilikula lita moja kwa kilomita 8 hivi. Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560, lami, kwa hiyo anayeishia mjini Noah inamtosha. Prado unailipia kwa sababu ya mchanga wa Msimbati, ufukwe ulioko mkoani Mtwara.

Kabla ya kusaini, piga hesabu ya kilomita. Mkataba ulinipa 200 kwa siku, siku sita, yaani 1,200. Kwenda na kurudi tu ni 1,120. Ongeza kuingia Kilwa Masoko kutoka Nangurukuru na kwenda Msimbati, tayari unadaiwa za ziada. Mimi niliomba zifutwe zikafutwa, lakini usipoomba hakuna atakayekukumbusha.

Tairi la akiba usilipime kwa kashata (meno ya tairi). La kwangu lilikuwa na kashata nzima, kumbe ubavuni lina nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Tafuta neno DOT, kisha soma tarakimu nne za mwisho: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Raba ya umri huo haifai kwa safari ya jua kali na mzigo. Lilibadilishwa, saa nzima ikapotea. Hapohapo jaribu kulegeza nati moja ya tairi kwa spana ya gari (namba 21), maana mafundi wanaofunga kwa mashine ya upepo hukaza kupita kiasi, na porini utaning'inia kwenye spana bure.

Njiani hakuna ugumu: vijijini mwisho kilomita 50 kwa saa, tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Masika ndiyo uulize kwanza. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama siku kadhaa.

Msimbati nilipunguza upepo wa matairi kutoka PSI 32 hadi 18, gia ya chini, bila kukata kona kali. Ingia maji yakiwa yanakupwa, na geuza kabla hayajaanza kujaa. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), yakijaa ufukwe wa kupita hubaki mwembamba, na mchanga uliolowa karibu na maji unadanganya: juu mgumu, chini uji. Ukianza kuzama, achia pedali ya mafuta mara moja. Kukanyaga ni kujichimbia kaburi.

Pampu waliyonipa ni ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Tairi la pili tu, fyuzi ikaungua. Dai ya kubana kwenye betri, au beba yako.

Viti vya watoto niliahidiwa viwili, kikaja kimoja.

Kabla ya kurudisha, osha uvunguni kwa maji mengi yasiyo ya chumvi. Niliporudisha, wenye gari walilala chini na tochi, wakapitia chasisi yote wakitafuta chumvi.