Visu vya kutumia mara moja kwa upasuaji wa mtoto wa jicho: uzoefu wangu

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho hapa Tabora. Kazi yangu ni kumkabidhi daktari vifaa, na kesho yake asubuhi kufungua bandeji, kwa hiyo kisu nakipima kwa jicho la mgonjwa na si kwa maneno ya muuzaji.

Seti ninayoizungumzia ina kisu cha kresenti na keratomu ya milimita 3.2, vyote vya kutumia na kutupa. Sisi tunafanya upasuaji wa mkato mdogo usioshonwa: kresenti inachimba njia kwenye weupe wa jicho mpaka ndani ya konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, kisha keratomu inatoboa kuingia. Njia ikichongwa vizuri, inajifunga yenyewe bila uzi.

Zamani tulikuwa na visu vya chuma vya kurudia. Kisu kilichopita kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, mara nyingi na kugongana na wenzake kwenye trei kinaanza kusukuma badala ya kukata. Ni kama nyanya iliyoiva na kisu butu: inabonyea kwanza, kisha inachanika. Kwenye jicho, kusukuma huko kunaweza kubandua utando wa Descemet, tabaka jembamba lililo upande wa ndani wa konea. Nyuma yake kuna seli zinazoondoa maji ili konea ibaki angavu, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti nyingine. Mzee wa watu ametoka Kaliua akitegemea kuona wajukuu, unafungua bandeji unakuta konea imevimba, ina ukungu. Utamwambia nini?

Kwa hivi vipya, keratomu inaingia bila daktari kukaza mkono, na konea zenye ukungu asubuhi zimepungua. Kasoro ipo: mpini wa plastiki ni mwepesi mno, na karatasi ya pakiti inachanika vipande badala ya kubanduka. Wapo wanaovichemsha tena ili vihudumie wagonjwa wengine. Mimi sivichemshi.

Visu nitaagiza tena. Vibanio vilivyokuja navyo, hapana. Vyote vilikuwa vya meno, vinavyofaa kushika sklera, ule weupe mgumu wa jicho. Ukishikia konjunktiva, ngozi laini inayofunika weupe huo, unaitoboa. Isitoshe, ncha zake hazikukutana, na hilo utaliona tu ukiviweka chini ya darubini kabla ya kusaini mzigo. Tulivirudisha Dar es Salaam. Muuzaji alivipokea bila ubishi, ila nauli ya basi tukalipa sisi.