Gari la Kiingereza la milango miwili lenye tabo, kwa bei ya chini: lipi ununue, lipi ulikimbie

Gari la michezo likishafika kwa mmiliki wa tatu, bei yake huwa imeshuka, lakini bei ya spea zake haijashuka hata kidogo. Ndiyo maana soko la Uingereza limejaa magari ya milango miwili yenye tabo ambayo kwa kuyatazama tu ungedhani ni ya matajiri, na yanauzwa kwa pesa ya gari dogo la familia. Mengine ni bahati ya kweli. Mengine ni mzigo ambao mtu mwingine anatafuta wa kumtwisha.

Orodha hii haikupangwa kwa mbio wala kwa uzuri. Kwa kila gari nimeuliza swali moja: injini yake imefungwa kwenye magari gani mengine? Injini iliyotumika kwenye magari mengi ya kawaida ina spea, ina mafundi walioizoea, na maradhi yake yanajulikana. Iliyotengenezwa kwa ajili ya gari moja tu itakutaka umtafute fundi mmoja, usubiri zamu yako, kisha ulipe atakachotaja.

Tuweke mipaka kwanza. Tabo ni pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, nayo ni ile inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Jaguar XKR, Jaguar F-Type za V6 na V8 (silinda sita na nane), na Lotus Exige S zinatumia sapachaja, pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Ni magari mazuri, ila hayamo humu, na muuzaji anayekwambia XKR yake ina tabo labda halijui gari lake. Vauxhall VX220 Turbo nayo nimeiacha kwa sababu ni ya kufungua paa, ingawa ilijengwa na Lotus kule Hethel na ningeichukua kesho.

Kabla hujafika kwa muuzaji

Omba namba ya gari, uiingize kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza inayoonyesha historia ya MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka. Ni bure, na kumbukumbu zake zinarudi hadi 2005. Soma yale maonyo madogo ambayo hayakuliangusha gari kwa mwaka husika: kutu iliyotajwa miaka mitatu mfululizo, oili inayovuja, tairi zilizolika upande mmoja. Angalia pia kama maili zilizorekodiwa zinapanda bila kurudi nyuma. Kisha lipia ukaguzi wa historia ya ajali na madeni. Tangu Oktoba 2017, gari lililofutwa na bima kwa kuumia mwili wake mkuu huandikwa kundi S, na lililoharibika sehemu nyingine huandikwa kundi N. Kundi N linaweza kuvumilika kama bei imepunguzwa sawasawa. Kundi S kwenye Lotus, achana nalo, na sababu nitaieleza tukifika huko.

Kwa anayeishi London au kuingia huko mara kwa mara kuna jambo la ULEZ, ukanda unaotoza magari yanayochafua hewa. Tangu Agosti 2023 ukanda huo umefunika mitaa yote ya jiji, na gari la petroli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 4 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea. Gari la miaka ya 1990 kwa kawaida linanaswa. La miaka 40 na zaidi, likishasajiliwa kama gari la kihistoria, linasamehewa.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ni ya moto, jiulize alikuwa anaficha nini, maana sekunde za kwanza za injini baridi ndizo zinazosema ukweli: cheni inayogonga, moshi wa bluu, silinda isiyoshika.

Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa imeelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili ikiwa chafu, ikipungua, au ikiungua ndani ya tabo kwa sababu dereva alikanyaga sana kisha akazima injini papo hapo, beringi zinaliwa. Kwa hiyo risiti za kubadilisha oili zina thamani kuliko rangi inayong'aa. Barabarani, acha gari lishuke mlima likiwa kwenye gia bila kukanyaga mafuta, kisha kanyaga na utazame kioo cha nyuma. Wingu la bluu maana yake oili inapita kwenye sili za tabo au za valvu. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu ya utamu, ni maji ya rejeta yanayoungua, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwisha. Sauti ya kufoka ukikanyaga, nguvu nazo hazipandi, huenda ni hosi tu iliyopasuka. Hiyo ni ndogo, na inafaa kutumika kupunguzia bei.

Uliza kama injini imewahi kuongezewa nguvu kwa programu. Akijibu kwamba imefanywa na mtu mwenye vyeti na risiti, sikiliza. Akijibu kwamba rafiki yake alifanya kwa kompyuta ya mkononi, aga kwa heshima.

1. Mini Cooper S Coupé, 2011 hadi 2015

Wako watakaocheka. Paa lake linaonekana kama kofia iliyogeuzwa nyuma mbele, viti ni viwili tu, na kwa kioo cha nyuma huoni kitu cha maana, zaidi bawa dogo linaloinuka ukifika kilomita 80 kwa saa. Wengine watasema si la Kiingereza kwa kuwa mwenye kampuni ni BMW. Limeunganishwa Oxford, na injini yake imetoka kiwanda cha Hams Hall karibu na Birmingham. Kwangu hilo linatosha.

Injini hiyo ya lita 1.6 ilibuniwa na BMW pamoja na Peugeot, kwa hiyo ndugu zake wamejaa kwenye Mini nyingine na kwenye magari ya Peugeot na Citroën. Cooper S ina nguvu za farasi 184, na John Cooper Works, toleo lake kali zaidi, ina 211. Kwa watu wawili na mizigo ya safari, buti la lita 280 linashangaza kwa ukubwa.

Haikosi kasoro. Injini za kwanza za familia hii zilijipatia sifa mbaya kwa kikaza cheni cha taimingi. Toleo lililofungwa kwenye Coupé lilirekebishwa, ila bado sikiliza mgongano wa chuma injini ikiwaka baridi. Mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo hayapiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuziosha, na masizi hujijenga hapo hadi gari linakuwa zito na injini inatetemeka ikiwa haina kazi. Kuyasafisha ni kazi ya siku moja kwa fundi anayeijua. Nyumba ya thamostati huvuja, pampu ya maji nayo huvuja. Na injini hula oili: mmiliki asiyejua kupima kijiti amewahi kuiendesha ikiwa karibu kavu, na usiombe iwe hiyo unayoinunua. Magari haya hayakuwa mengi, lakini hayagombaniwi, kwa hiyo chukua muda wako, kataa mawili, nunua la tatu.

Chagua S ya kawaida yenye risiti kuliko John Cooper Works iliyopita kwa vijana wanne.

2. Rover 220 Turbo Coupé, 1992 hadi 1996

Hili ndilo gari lenye roho kuliko yote hapa, na kama moyo ungepanga orodha lingekuwa la kwanza. Lilijengwa Longbridge, Birmingham, juu ya msingi ambao Rover iliutengeneza pamoja na Honda. Wakati kila mtu alijua Rover kuwa gari la mzee mwenye kofia na tumbako, wao wakachomeka injini ya lita 2 yenye tabo na nguvu za farasi 200 kwenye magurudumu ya mbele, wakaongeza difa ya Torsen ili nguvu isiishie yote kwenye tairi moja inayoteleza, wakaliachia barabarani. Kasi yake ya juu ni karibu kilomita 240 kwa saa. Ukikanyaga kwenye gia ya pili barabara ikiwa na maji, usukani hukunyang'anya mikono. Wapo wanaoichukia tabia hiyo. Mimi naona ndiyo nusu ya bei.

Injini yenyewe ni ngumu: bloku ya chuma cha kusubu cha kizamani, kizito, kisicho na ujanja, na imetumika pia kwenye Rover 620ti na 820. Itavuja oili kwenye kona ya gasketi ya silinda hedi. Karibu zote huvuja, na mvujo mdogo si sababu ya kukimbia, ila oili ikichanganyika na maji, kimbia. Mkanda wa taimingi usio na risiti uhesabu kuwa haujabadilishwa.

Tatizo ni mwili. Kutu hula matao ya magurudumu ya nyuma na vizingiti vya chini ya milango. Vioo vya paa, vile viwili vinavyotoka, hupitisha maji yakaishia chini ya zulia, na kutu ikaanzia ndani mahali usipoona. Kunja zulia, gusa kwa mkono. MG Rover ilifilisika Aprili 2005, na vitu kama plastiki za ndani, raba za milango na taa hutavipata dukani. Ni kusubiri gari jingine livunjwe. Ndiyo sababu pekee iliyolishusha hadi nafasi ya pili: injini ina ndugu, mwili hauna.

Jihadhari na zilizogeuzwa. Mwili huo huo uliuzwa kama 216 yenye injini ya Honda isiyo na tabo, na kuna waliohamisha injini. Linganisha namba ya injini na kadi ya usajili, V5C.

3. Lotus Europa S, 2006 hadi 2010

Wapenzi wa Elise, Lotus ndogo na nyepesi, waliliona limelainishwa mno, na wapenzi wa starehe waliliona kama baiskeli yenye ngozi. Likakosa wenyewe. Hiyo ni habari njema kwako ukitaka Lotus na hutaki mkopo. Uzito wake hauzidi tani moja, na injini iko katikati, nyuma ya mgongo wako: lita 2 za tabo kutoka General Motors, za familia moja na zile za Opel na Vauxhall Astra. Nguvu za farasi ni 200, na spea za injini zinatoka kwenye gari la kwenda sokoni. Kwa swali langu la mwanzo, hakuna linalojibu vizuri kuliko hili.

Limeshindwa kuwa la kwanza kwa sababu ya vingine vyote. Chesi ni alumini iliyoungwa kwa gundi ya viwandani. Haichomelewi. Ikipinda, inabadilishwa nzima, na hapo ndipo kundi S linapokuwa hukumu. Bodi ni ya faiba, kipande kimoja kikubwa mbele na kingine nyuma, na ufa mdogo wa maegesho hugharimu kama ajali. Lala chini na tochi, tazama sakafu ya alumini na mikono ya sasupensheni. Kuingia ni kuvuka kizingiti kipana, na kutoka ni mazoezi ya viungo. Jaribu zote mbili kabla hujalipa.

4. Jaguar F-Type ya lita 2, kuanzia 2017

Bado si rahisi, ila inashuka. Nguvu za farasi 300, magurudumu ya nyuma, giaboksi ya kampuni ya ZF ya gia nane inayojulikana na mafundi wengi kwa kuwa imefungwa hata kwenye BMW. Pua ni nyepesi kuliko ya V6, na gari linapinda kwa utayari zaidi. Sauti haifiki huko, tusidanganyane. Badilisha oili mapema kuliko kompyuta inavyodai, na pata bei ya bima kabla ya kumpigia muuzaji simu.

5. Lotus Esprit Turbo, kuanzia 1980

Nimeiweka kwa sababu kila mtu huiuliza. Umbo la mwanzo ni la mbunifu Giugiaro, injini ya Lotus yenyewe ya lita 2.2, farasi takriban 210 mwanzoni na 264 kwenye toleo la SE la 1989. Zamani ilikuwa gari la bei poa, na wengi bado wanaikumbuka hivyo. Bei imeshapanda. Inayouzwa kwa bei ya chini leo inadai kitu: mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila baada ya miaka michache bila kujali umetembea au la, kabureta zinazotaka fundi mzee, waya zilizokaushwa na joto. Na injini haina ndugu wa mtaani. Ukiipenda, nunua ile ghali kabisa unayoiweza.

6. Bentley Continental GT, kuanzia 2003

Silinda 12, tabo mbili, farasi 560, zaidi ya tani mbili na robo, na kwa tangazo lolote la kawaida utaona bei inayokufanya usome mara mbili. Kazi nyingi kwenye injini hiyo, hata za hosi ndogo za hewa nyuma ya tabo, zinataka injini na giaboksi vishushwe chini kwanza. Sasupensheni ni ya hewa, na hewa hutoka. Maji ya mvua yakipata njia ya ndani huzifikia kompyuta zilizo chini ya zulia. Mwombe muuzaji risiti za miaka mitatu iliyopita. Ukikuta jumla yake inakaribia bei anayouza, gari hilo limetunzwa, na ndilo pekee la kufikiria. Akisema hajalitengeneza kwa sababu halijawahi kusumbua, mwachie aendelee nalo.