Kliniki ya wajawazito Kondele, mkienda nendeni mapema

Nimejifungua wiki mbili zimepita, mtoto amelala, wacha niandike haraka. Hii kliniki ni ndogo tu, iko juu ya duka la simu hapa Kondele, na nawapa nyota nne juu walinipima homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, nikiwa na wiki tisa. Mimba yangu ya kwanza, kwingine, hakuna mtu alitaja hiyo kitu, walipima presha na damu kidogo wakaniambia niko sawa.

Sista aliniuliza kwanza mimi hula nini. Nikamwambia kwetu ni Busia, ugali wa mhogo haukosi. Akanieleza pole pole ati hii miezi ya kwanza tezi ya mtoto bado, inaanza kutengeneza homoni ya maana kama wiki ya 16 hadi 20, so ubongo wake sai unajengwa na homoni ya mamake, na tezi ya mama inataka ayodini, mikrogramu 250 kwa siku ukiwa mjamzito. Mhogo ambao haujalowekwa vizuri unaacha sumu, na hiyo sumu ikifika mwilini inageuka kemikali inaitwa thayosayaneti inayozuia ayodini kuingia kwa tezi. Moshi wa sigara pia hivyo hivyo. Hakunikataza mhogo, alisema niuloweke siku kadhaa vile nyanya alikuwa anafanya. Akanionya pia na chipsi za kukaangwa na mafuta ya transfoma, zile za zamani zina kemikali ya sumu inaitwa PCB na inavuruga hii hii homoni.

Kilichonigusa ni chumvi, juu ndio huwekwa ayodini. Aliniambia nibebe kidogo ya nyumbani, akaiwekea tone moja la dawa ya kuonyesha ayodini, ikawa zambarau hafifu, huwezi hata kuona vizuri. Ya paketi mpya ikawa bluu nzito hapo hapo. Kumbe kopo langu hukaa wazi kando ya jiko, mvuke na joto vinapunguza ayodini!

Ubaya wao ni majibu ya damu, siku sita, na foleni ya Jumatatu inachosha mtu mwenye tumbo. Yangu yalikuja TSH iko juu, yaani tezi yangu haitoi homoni ya kutosha, nikaanzishiwa levothairoksini, tembe za hiyo homoni, moja kila asubuhi kabla ya chai, na zile za kuongeza damu nikae masaa manne ndio nimeze.

Nilijifungulia hospitali kubwa lakini siku ya tatu nikarudi kwao wakamdunga mtoto kisigino, matone kwa karatasi. Majibu yameingia jana kwa simu, tezi yake inafanya kazi.