Star Wars ya 1977: muvi nyota tano, aliyeniuzia sifuri (nikipoa ntaona)

Luke, stelingi wa muvi, yuko ndani ya kichombo chake cha angani, anakata mbio kwenye mfereji wa ile ngome ya chuma inayoelea angani. Wenziwe wameshadunguliwa mmoja mmoja. Vader, yule adui, yuko nyuma yake, anamkaribia. Muziki umepanda, mie nimeukumbatia mto nauuma pembe, na picha ikaganda.

Si umeme. Umeme ulikuwepo, feni ilikuwa inazunguka. Faili ndiyo iliyokwisha. Yule bwana wa Darajani, hapa Unguja, anayejaza watu muvi kwenye flashi, alinijazia muvi isiyo na mkia, na pesa yangu akaitia mfukoni.

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana mie si mtu wa kutafuta muvi za kale. Nilinunua fulana ya mtumba Darajani, nyeusi, ina picha ya kofia fulani kubwa ya kutisha. Nimeivaa karibu mwaka mzima nikidhani ni kofia ya pikipiki. Siku moja mgeni mmoja pale Forodhani akaniona, akaweka mkono mdomoni akaanza kupumua kama mgonjwa, anacheka peke yake. Nikaona aibu. Nikasema lazima nijue huyu niliyembeba kifuani ni nani.

Basi usiku ule, kama si Rajabu basi Shaabani, tukakaa mie na Bibi yangu kitandani, ghorofani kwetu Michenzani. Bibi Kiingereza hakijui, mie ndiye mkalimani. Yakapanda yale maandishi ya mwanzo, nikamfasiria: hapo zamani, mbali sana huko kwenye nyota. Bibi akanitazama. "Aa, kumbe hadithi! Ulisema ni mambo ya roketi." Na kweli. Muvi ina roboti na bunduki za mwanga, lakini inafungua kama Paukwa Pakawa. Nadhani hapo ndipo iliponikamata, kabla hata sijaona mtu.

Halafu ikaja ile meli ya angani. Ushawahi kukaa kwenye ngalawa, boti kubwa ya Dar ikakupitia karibu? Unaona pua, unaona ubavu, unangoja uone tezi na tezi haifiki. Ndivyo ilivyo. Inapita juu ya kichwa chako na haishi. Na hakuna kompyuta iliyoichora. Zile meli ni vidude vilivyoundwa kwa mikono, vimebandikwa vipande vilivyotolewa kwenye maboksi ya plastiki ya kuundia vifaru na ndege za kuchezea. Nilipolisoma hilo baadaye nikairudia sehemu ile mara sita, natafuta gundi. Sikuiona.

Jangwa lenye jua mbili ni Tunisia, Afrika hii hii. Hata jina la sayari, Tatooine, limefanana na mji wa huko uitwao Tataouine. Na ile meli ya Han Solo, rubani mwenzake Luke, inayodharauliwa na kila anayeiona, mie naijua: ni gari la shamba. Bodi linalia, dereva anajisifu, na unafika.

Lakini kubwa ni pumzi. Vader, mwenye ile kofia ya kwenye fulana yangu, alipotokea na ule moshi, nikasema pumzi hii nimeshaisikia. Ami yangu yuko Nungwi, anapeleka wageni kuzamia, na likizo nakaa kwake. Ile ni pumzi ya mtu aliyeng'ata mpira wa mtungi wa kuzamia. Nikaenda kuisaka, nikakuta kweli: fundi wa sauti, Ben Burtt, alijirekodi anapumua kwa kifaa cha wazamiaji. Wallahi niliruka. Watu wa Marekani wanatetemeka tangu 1977 kwa sauti ambayo ami yangu anaitoa kila siku ya kazi.

Bibi hakutetemeka. Bibi alisikitika. "Maskini, huyu ana pumu. Na wamemvisha manguo yote hayo!" Kila akitokea, Bibi anasema apewe nafasi akae.

Sasa turudi kwa yule bwana, maana nimeanza kusifu na moyo bado unafoka.

Asubuhi yake nikaenda na flashi yangu. Nikamwita kaka, kwa adabu zote. "Kaka, samahani, muvi imekatika." Hakuinua macho kwenye simu. "Ipi?" Nikamwambia. Akacheka, tena akamwita mwenziwe aje asikie. "We mtoto, muvi ya mwaka sabini na saba unataka mwisho wake? Si ushajua atashinda! Ningekujazia muvi anayeshindwa stelingi?" Nikamwambia nataka kuona anavyoshinda. "Mtoto wa kike na mambo ya nyota wapi na wapi? Tamthilia za Kikorea zile pale, haziishi hizo."

Tamthilia za Kikorea naziangalia sana, si hilo. Ila kuna kitu kinauma mtu akikwambia mwisho hauna maana kwa kuwa unajulikana. Kwani mechi ya jana haina marudio? Kwani Bibi hajanisimulia hadithi ileile mara ishirini? Nikaondoka, na jibu zuri nikalipata nimeshafika Mkunazini, kama kawaida yangu.

Kufika nyumbani Bibi akaniona nimevimba. Akasema kaa, ntakumalizia mie. Akaimalizia. Katika mwisho wa Bibi hakuna ngome kulipuka. Yule wa manyoya, Chewbacca, mwenzake Han Solo, anachemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria kubwa, anamfukiza Vader mpaka kifua kinafunguka. Vader anavua kofia, analia, anaomba radhi. Chewbacca anapewa kanzu mpya na kofia ya kiua. Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Wiki kadhaa mbele, mtoto wa ami yangu mwingine, yule wa Bububu, akanionyesha kwenye laptopu yake, nzima nzima. Nisiharibu utamu kwa ambaye hajaona. Nitasema tu kwamba Han Solo anafanya jambo ambalo gari la shamba pekee linaweza kulifanya, kukutokea pale ulipokwisha kata tamaa. Nilipiga kelele peke yangu. Nyota tano. Ningekuwa na sita ningetoa.

Tukaendelea na nyingine, mpaka ya 1983. Humo kuna rubani mmoja mwenye mashavu yaliyoning'inia, na sauti yake ni ya mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, anasema lugha za kwao Kenya. Na humo humo Vader anavuliwa kofia. Anavuliwa kweli! Anapumua kwa tabu, na moyo umeshageuka. Nikamtazama binamu, binamu hanielewi nalilia nini. Bibi, ambaye hajui Kiingereza, aliyajua yote kwa kusikiliza kifua cha mtu.

Niliporudi nikamsimulia mwisho wa kwanza. Nikampamba binti mfalme na nywele zake, nikampangia ukumbi, askari mistari miwili, na zile nishani.

"Kavishwa nani?"

"Luke na Han, Bibi."

"Na yule wa manyoya?"

Nikanyamaza. Maana kweli, hakuvishwa. Kasimama pale pale mbele na wenziwe, shingo tupu, akapiga ukelele wake, muvi ikaisha.

Bibi akarudi kuchambua mchele wake. "Basi huyo kijana wa Darajani usimlaani. Alikukatia kabla hujaiona dhuluma."

Haya. Nyota moja nampa. Lakini mwisho wa muvi bado namdai, na ile fulana nikipita dukani kwake naivaa makusudi.