Waliniuzia boga la kuchonga nikampikia mama mkwe: uzoefu wangu na shamba la maboga nje ya Columbus

Natoa nyota moja, na hiyo moja ni ya donati. Kama si donati wasingepata kitu kutoka kwangu.

Jina la shamba silitaji. Wanaoishi Columbus, hapa Ohio, Marekani, na vitongoji vyake wanajua kwamba ikifika Oktoba mashamba ya aina hii yanafungua milango kila upande: trekta linalokokota watu juu ya marobota ya nyasi, watoto wanaopiga picha na maboga, foleni ya matufaha ya karameli. Ni moja ya hayo. Ilikuwa mwaka juzi, wiki ya pili au ya tatu ya mwezi, baridi ilikuwa imeanza kuuma asubuhi.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Ni safari yake ya kwanza nje ya nchi, na ni mtu mzima, tayari ana vitukuu. Tangu afike alikuwa hali vizuri. Siyo kwamba alikataa chakula, maana ni mwenye adabu, anakula kidogo, anasema alhamdulillah, anasogeza sahani. Mkate hapa mtamu, anasema. Kuku hana ladha. Majani yanapukutika, jua linazama mapema, yeye amejifunika khanga mbili juu ya sweta anatazama dirishani. Nikimweleza kwamba haya ndiyo majira ya vuli ya huku, ananiambia vuli ni mvua, mwanangu, hii ni kitu kingine.

Siku moja tukiwa kwenye gari akaona maboga yamepangwa kwenye baraza za watu, nyumba baada ya nyumba. Akakaa wima. "Kumbe maboga mnayo! Sasa mbona hamyapiki?" Halafu akasema neno ambalo nilikuwa nalisubiri wiki mbili nzima: "Leo ningekula boga la nazi."

Nani angekawia? Jumamosi tukaenda shambani, mimi, yeye na watoto.

Mama alifika kwenye yale maboga akafanya anachofanya sokoni Tanga miaka yote. Aliinama, akalishika boga kikonyo kuona kama kimekauka, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akajaribu ganda kwa ukucha. Kwetu boga kubwa muuzaji hulikata vipande, unaona nyama yake ilivyo kabla hujatoa hela. Hapa hayakatwi, kwa hiyo alikuwa anatumia masikio. Aligonga matano, sita, akawa anatikisa kichwa. Akaniambia, "Muulize yule kijana kama haya ni ya kupika. Nayasikia matupu."

Naomba mliangalie hilo neno. Nayasikia matupu. Alijua.

Nikamwendea kijana aliyekuwa kwenye kaunta ya nje, mtu wa miaka thelathini hivi, kofia kichwani, simu mkononi. Nikamuuliza kwa upole, Kiingereza changu hakina tatizo, nina miaka kumi na moja hapa: je, haya ni ya kupika, au kuna mengine? Hakuinua macho. Akasema boga ni boga, yote yanaliwa. Nikamwambia mama anataka kujua kwa sababu anaipikia familia. Hapo ndipo akainua macho, akamtazama mama kule alikoinama, akasema kwa sauti iliyosikika na foleni nzima: "Mwambie aache kuyagonga-gonga. Hapa si sokoni kwenu."

Foleni ikanyamaza. Mwanangu mkubwa, anayejua Kiingereza kuliko Kiswahili, akaniangalia usoni.

Mama akauliza, "Anasemaje?"

Nikamdanganya. Nikamwambia anasema yote ni mazuri, chagua tu ulipendalo. Nimeishi na mama huyu kwa heshima tangu siku niliyoolewa, na uongo wa kwanza kumwambia ulikuwa wa kumfichia ujinga wa mtu baki. Hilo ndilo lililonikaa kooni mpaka leo, zaidi ya hela.

Akachagua moja kubwa, zito, rangi ya chungwa inayong'aa. Watoto wakalisukuma kwa toroli kama wamebeba bibi harusi.

Nyumbani nilimwachia jiko. Boga la nazi halina mambo mengi: unalikata vipande na ganda lake, unaliweka kwenye tui jepesi, chumvi kidogo, iliki, sukari kwa anayependa, moto wa wastani. Likishaiva unamwagia tui zito, unapunguza moto, unatikisa sufuria badala ya kukoroga ili lisivunjike. Likiwa boga kweli, linakuwa la unga, tui linalishika, unakula na kijiko huku limechemka na nje kunanyesha. Hicho ndicho chakula cha mwili uliopigwa na baridi, Ramadhani au si Ramadhani.

Alipolipasua kwa kisu, ndani palikuwa pango. Ukuta mwembamba, katikati nyuzi na mbegu. Akalipika hivyo hivyo. Likatoa maji, maji, maji. Makopo mawili ya tui yakapotelea humo. Nyama ikasambaratika nyuzinyuzi kama kamba ya mkonge iliyolowa, na ladha hakuna, wala utamu wala uchungu, hakuna tu. Mama akajipakulia bakuli, akala lote, kimya, ili mimi nisijisikie vibaya. Nilitoka nikaenda kusimama gereji.

Jumatatu nikapiga simu shambani. Sikudai kurudishiwa hela. Nilitaka mtu aseme samahani kwa yale maneno. Mwanamke aliyepokea, sauti ya uongozi uongozi, akaniambia kwamba kila mtu anajua yale ya nje ni ya kuchonga sura za mapambo ya Halloween, ile sikukuu ya mwisho wa Oktoba. Kila mtu nani? Nikamwambia mfanyakazi wenu aliulizwa waziwazi. Akasema hawezi kujua nini kilisemwa, akanitakia Halloween njema, akakata.

Jirani yangu, bibi mzee mzaliwa wa hapa hapa Ohio, ndiye aliyenifungua macho, tena kwa dakika tano tu. Akaniambia nyumbani kwao hakuna aliyewahi kutengeneza pai kwa boga la barazani. Yale makubwa yamechaguliwa kizazi baada ya kizazi yawe makubwa, yasimame vizuri, yawe na ukuta rahisi kupitisha kisu. Utamu haukuwa hesabuni. Ya kupika ni madogo, ya mviringo, wanayaita ya pai, au yale marefu ya rangi ya ngozi yanayoitwa butternut. Akanionyesha na kopo la boga la chapa ya Libby's kabatini kwake. Hilo lisemwalo kuwa boga la kopo, linalopakiwa Morton, Illinois, ni aina iitwayo Dickinson, nayo haina rangi ya chungwa kwa nje, ina rangi ya udongo mkavu. Ni ukoo mmoja na butternut, kwa jina la kitaalamu Cucurbita moschata. Lile la kuchonga kwa kawaida ni Cucurbita pepo. Kwa hiyo Wamarekani wenyewe wanapotaka kula boga, lile la kung'aa wanaliacha barazani. Mama alilijua hilo kwa kifundo cha kidole.

Sina ugomvi na kuchonga. Nimesoma kwamba desturi hiyo ilitoka Ireland na Scotland, ambako walichonga turnipu, mzizi mgumu unaoliwa, na wahamiaji walipofika Marekani wakakuta boga ni laini zaidi kwa kisu. Wachonge. Lakini mtu akikuuliza kama linapikika, mjibu. Yule kijana alisema linaliwa, na kweli linaliwa, halikutudhuru. Mimi sikumuuliza kama litatuua.

Nikanunua butternut mbili kwenye duka la kawaida la mtaani, hata si la Waafrika. Mama akagonga, akacheka. "Hili sasa." Jioni ile alikula bakuli mbili, akaomba ya tatu, akavua sweta.

Nilitaka kuishia hapo kwa nyota sifuri. Lakini haki ni haki, lazima niwaambie habari ya donati.

Siku ile ile, baada ya maneno ya yule kijana, tulipita kwenye kibanda wanakokaanga donati za saida, yaani ile juisi ya tufaha nzito isiyochujwa ambayo wanaikandia unga. Zinatoka kwenye mafuta, zinaviringishwa kwenye sukari na mdalasini, unapewa kwenye mfuko wa karatasi unaopitisha mafuta. Nje inakwaruza kidogo, ndani laini, na tufaha unalisikia mwishoni kabisa, puani. Binti aliyekuwa anakaanga, mdogo, labda bado yuko shule, alikuwa amesikia kila kitu. Hakusema neno juu yake. Alichukua donati ya moto, akaifunga na karatasi, akatoka nje ya kibanda, akampa mama kwa mikono miwili. Sijui nani alimfundisha mikono miwili. Mama akaipokea, akauma, akafumba macho: "Andazi la mdalasini!" Akamwambia asante mwanangu kwa Kiswahili, na binti akajibu kwa tabasamu kana kwamba ameelewa. Nilipotaka kulipa nikakataliwa.

Basi nyota mbili. Niliandika mbili.

Kisha mwaka jana watoto wakalilia trekta, nikawapeleka, nikijiambia hasira zimeisha. Nikazunguka nyuma ya lile ghala. Mnajua niliona nini? Makreti. Maboga madogo ya pai, butternut, na mengine ya kijani ambayo siyajui jina, na kibao kimeandikwa kwa mkono kuwa haya ni ya kupika. Hatua kumi kutoka pale mama alipokuwa ameinama. Hatua kumi! Yule kijana hakutakiwa kueleza kilimo. Alitakiwa kunyoosha kidole. Badala yake alitumia pumzi hiyo hiyo kumwaibisha mzee wa watu.

Kwa hiyo nyota moja, narudi palepale.

Kwa anayetaka boga la heshima na yuko huku kwetu, nenda Circleville, nusu saa hivi kusini kwa gari. Wana sherehe yao ya maboga tangu 1903, Oktoba kila mwaka, na huko boga linaingia kwenye pai, kwenye donati, mpaka kwenye aiskrimu. Na mkiwa na mzee kutoka nyumbani, msikose kumwonjesha buckeye, zile tufe za siagi ya karanga zilizochovywa kwenye chokoleti na kuachwa wazi juu, zifanane na mbegu ya buckeye, mti wa jimbo la Ohio. Jirani yangu alituletea sahani nzima usiku watoto walipotoka kuomba peremende, ule ambao hapa Columbus wanauita Beggars' Night. Mama alikaa mlangoni na bakuli la pipi, kila mtoto aliyebisha akamwitikia "karibu", huku anamumunya buckeye na kusema hii ni kashata iliyovishwa nguo.

Amesharudi Tanga. Akipiga simu anauliza majirani, anauliza baridi, na kila mara, bila kukosa, anamuulizia yule binti wa donati, kama bado anakaanga. Mwaka jana hakuwepo kibandani. Nilimuulizia, wakaniambia ameenda chuo.

Hiyo nyota moja ni yake. Uongozi wa shamba msiihesabu kuwa yenu.