Sheria za bure za D&D kwenye kisa cha upelelezi: zinafika wapi?

Haya watazamaji, hamjambo. Leo tuna faili moja tu mezani: SRD 5.1 (System Reference Document), yaani kiini cha sheria za Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa mezani ambao mwendeshaji mmoja anasimulia kisa na wachezaji wanaigiza wahusika, dadu zikiamua mambo. Ni PDF ya kurasa 400 na ushee, haina bei, na tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons, CC BY 4.0. Unaruhusiwa kuinakili, kuichapa, kuitafsiri, hata kuuza kisa ulichokiandika juu yake, mradi umtaje mwenye kazi hiyo kama leseni inavyotaka.

Watu huipima kwa mapigano. Sisi hapa Lamu tunaipima kwa jambo jingine. Una wachezaji wanne, mmekaa barazani baada ya isha, mna saa tatu au nne, na kisa ni cha wizi ambao mwizi wake hajulikani. Faili hii itakufikisha?

Itakufikisha nusu ya safari. Sheria za dadu unapewa, uchawi unapewa. Namna ya kupanga dalili huikuti, na baadhi ya uchawi uliomo humaliza kisa mapema mno usipojiandaa.

Tuanze na dadu, maana hapo ndipo visa vingi hufa. Sheria inasema mtu akitaka kupekua chumba, arushe dadu ya pande 20, ajumlishe ujuzi wake wa Investigation (upelelezi), afikie kizingiti, tuseme 15. Mhusika mwenye +3 anahitaji 12 na kuendelea. Hiyo ni nafasi 45 kwa 100. Sasa panga dalili tatu mfululizo, kila moja ikingoja mtu mmoja apate: nafasi ya kufika mwisho inashuka hadi kama 9 kwa 100. Wachezaji wako si wajinga, hesabu yako ndiyo mbovu.

Dawa yake ni hii: aliyefika mahali panapostahili na kuangalia kitu kinachostahili, mpe dalili bila dadu. Dadu iamue mengine: amechukua muda gani, amepiga kelele, amepata na la ziada? GUMSHOE, mfumo wa michezo ya upelelezi wa Robin D. Laws, umejengwa juu ya wazo hilo, na hakuna kinachokuzuia kuliazima.

La pili ni kanuni ya dalili tatu aliyoiandika Justin Alexander, mwandishi wa michezo ya aina hii, mwaka 2008. Kila jambo unalotaka wachezaji waligundue, liwekee angalau dalili tatu. Moja wataikosa, ya pili wataipuuza, ya tatu itawafikisha.

Natoa mfano wa nyumbani. Mji wa mawe kando ya bahari, malkia anatawazwa kesho, na siwa ya shaba imetoweka usiku. Bila siwa kupigwa hakuna kutawazwa. Kuna mambo matatu ya kugundua: imetokaje mjini, nani ameitoa, iko wapi. Tatu mara tatu, dalili tisa. Zinaenea kwenye kurasa mbili za daftari.

Hilo la kwanza ndilo tamu. Mshukiwa ni nahodha, anasema saa nne usiku alikuwa amekwisha pita mkondo wa mikoko kwa mashua yake. Dalili ya kwanza ni bahari yenyewe. Jana ulikuwa mwezi mpevu, basi ni bamvua, na pwani yetu hii bamvua hukupwa karibu saa nne na kujaa karibu saa kumi. Saa nne mkondo ule ni tope tupu! Mchezaji wa Lamu au Malindi atalinusa hilo mwenyewe, lakini usilitegemee. Dalili ya pili: mvuvi wa kamba aliyekuwa palepale kwa miguu hakuona mashua. Ya tatu: tope limekaukia juu ya ubavu wa mashua, maana ilikwama na kulala upande ikingoja maji. Dalili tatu, mahali patatu, jibu moja: nahodha aliondoka alfajiri, siyo usiku.

Angalia jambo moja hapo. Usimwambie mchezaji "anadanganya" eti kwa sababu amerusha dadu ya Insight (ujuzi wa kusoma nia ya mtu) vizuri. Mwambie anachokiona: nahodha anajibu kila swali haraka, likija la saa anatengeneza kikoi. Hitimisho ni lake.

Haya, uchawi. Hapa ndipo faili hii inataka kusomwa kabla hujaandika chochote. Kasisi wa ngazi ya 3 anapata uchawi wa daraja la 2, na humo mna Zone of Truth (eneo la ukweli). Ni duara la nusu kipenyo cha futi 15, linakaa dakika 10. Aliyemo anarusha dadu ya kinga ya Charisma (haiba) ili uchawi usimnase, na mpiga uchawi anajua kama ameshindwa au amefaulu. Wengi hawaoni kwamba kinga hiyo hurudiwa kila zamu mtu anapoanzia ndani ya duara, na raundi ni sekunde 6. Dakika 10 ni raundi 100. Hakuna atakayeponyoka, basi usijenge kisa juu ya matumaini kwamba mwizi atafaulu. Jenga juu ya maneno ya sheria yenyewe: aliyenaswa hawezi kusema uongo kwa makusudi, lakini anajua amenaswa na anaweza kukwepa swali. Na shahidi aliyekosea kwa nia njema atasema kosa lake kwa moyo mweupe. Mlinzi anayeapa amemwona mpiga siwa, kumbe ameona kanzu yake tu, hapingani na uchawi huo hata kidogo.

Locate Object, uchawi wa kutafuta kitu, ni hatari zaidi kwa kisa cha wizi. Inafika futi 1,000, kama mita 300, inaelekeza moja kwa moja, na kwa mji wa vichochoro hiyo ni mitaa mizima. Lakini karatasi nyembamba ya risasi inaizuia. Ndipo kisa kinanoga: mwizi amenunua chubwi zote za wavuvi, akaziyeyusha, akapata risasi ya kufunikia siwa. Kwa hiyo sokoni kuna mvuvi analalamika hana chubwi hata moja ya kutilia nyavu. Kinga ya mwizi imekuwa dalili ya tatu ya "iko wapi". Hivyo ndivyo uchawi unavyofaa kushughulikiwa. Ukiupiga marufuku, mchezaji aliyeuchagua atahisi umemnyang'anya.

Speak with Dead, uchawi wa kuhoji maiti, inakuja ngazi ya 5: maswali matano, maiti iwe na mdomo, na inajua yale tu iliyoyajua hai. Sheria inataka ubani uwake, na huo kwetu hautafutwi mbali. Aliyepigwa kwa nyuma gizani hana la kusema kuhusu uso wa muuaji. Ukiona haya yote ni mzigo, anza na wahusika wa ngazi ya 1 au ya 2, hayatakuhusu.

Upungufu mwingine, kwa haraka. Historia ya mhusika iliyomo ni moja tu, Acolyte (mtumishi wa hekalu), kwa hiyo utatunga mwenyewe ya fundi mchonga milango au ya baharia. Takwimu za watu wa kawaida zimo tayari: Commoner (raia), Noble (mwungwana), Spy (jasusi), Guard (mlinzi). Doppelganger naye yumo, mwenye kugeuza sura; ukimtumia kuwa mwizi, ushahidi wa macho wote unakuwa bure, basi toa ishara yake mapema, kabla ya mahojiano. Tafsiri rasmi zipo kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Kiswahili bado, na leseni inaturuhusu.

Huna dadu ya pande 20? Vikaratasi 20 ndani ya kikombe vinatosha, ila kila ukichota rudisha na utikise, la sivyo nafasi zinabadilika.

Msichape kurasa zote. Chapeni maelezo ya uchawi ambao wachezaji wenu wanao, sura ya ujuzi, na takwimu za watu wanne watano wa kisa. Mengine yatafuteni kwenye simu. Na mkipakua, tazameni namba: ipo pia 5.2 ya mwaka 2025, iliyofuata sheria mpya za 2024. Meza nzima itumie moja.